Majibu kwa Wasomaji: Mkono wa Katherina Sakafuni

Barua tatu nilizozichagua mwezi huu zimetoka sehemu mbalimbali, lakini zote zinauliza namna watazamaji wa leo wanavyowapokea wanawake na wanaume wa michezo ya kuigiza ya zamani. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mwandishi wake yuko mbioni kuingia mashindanoni na anahitaji msaada wa haraka.

SWALI: Ndugu mhariri wa safu hii, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa fasihi katika shule ya sekondari na mlezi wa klabu ya sanaa. Mwaka huu tulitafsiri wenyewe mchezo wa Shakespeare, The Taming of the Shrew, tukauita "Kumtia Adabu Mke Mkorofi", na tukaupunguza hadi saa moja ili utoshe katika ratiba ya siku ya wazazi. Tuliacha utangulizi wa yule mlevi, tukaacha pia maonyesho ya nyumbani kwa Petruchio, mume wa Katherina, kwa kuwa yalihitaji meza, vyakula na watumishi wengi. Tulibakiza posa, harusi, dau la waume watatu la nani ana mke mtii zaidi, na hotuba ya mwisho ya Katherina ya kuwataka wake wawatii waume zao. Hotuba ilipokwisha, baadhi ya akina mama walipiga vigelegele, na mzee mmoja akasimama na kusema kwamba huyo ndiye mke. Wasichana wa kidato cha tatu walikaa kimya. Binti aliyeigiza Katherina ameniambia kwamba hatayasema tena maneno yale mbele ya watu. Walimu wenzangu wananishauri niiondoe hotuba kabla ya mashindano ya wilaya. Je, niiondoe? — Mwalimu, Morogoro

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Naomba usiiondoe. Tatizo la onyesho lenu, kwa jinsi ulivyolieleza, limetokana na yale mliyokwisha kuyaondoa, kwa maana hadhira yenu iliombwa ipime maneno ya mtu bila kuonyeshwa aliyotendewa kabla hajayatamka.

Fungua tena sehemu ya nne. Katherina anafikishwa nyumbani kwa mumewe akiwa amechafuka matope, ana njaa, na hakupewa nafasi ya kukaa hata kwenye karamu ya harusi yake mwenyewe. Nyama inaletwa mezani, Petruchio anadai imeungua, anaitupa. Mkewe anapelekwa chumbani bila kula. Kisha Petruchio anabaki na watazamaji na kuwaeleza pasipo kificho kwamba anamfanyia mkewe kama afanyavyo mtu anayemfuga kipanga wa kuwindia: ndege hashibishwi mpaka azoee kuitikia mwito, na haachwi alale mpaka ukali wake umwishe. Haya si maoni ya mhakiki wa karne yetu, ni maneno ya mume mwenyewe.

Halafu linakuja onyesho ambalo, kama ningekuwa na dakika tano tu za jukwaa, ningelichagua kuliko mengine yote. Katherina anamsihi mtumishi, Grumio, amletee chakula chochote. Grumio anamuuliza anaonaje akiletewa kongoro. Ni zuri sana, anasema Katherina, niletee. Grumio anasita, anasema kongoro litamzidishia hasira. Je, utumbo wa kuchoma? Naupenda, mpendwa Grumio, ulete. Huo nao, anasema Grumio, una hatari ile ile. Basi nyama ya ng'ombe na haradali? Katherina anakubali, kisha anaambiwa haradali ni kali, naye anasema basi ilete nyama, haradali iache. Grumio anamjibu kwamba hapana, ama apate haradali au asipate nyama, na mwisho anamwambia achukue haradali pasipo nyama. Nimekutajia vyakula hivi kwa makusudi. Wanafunzi wako wanaijua supu ya makongoro ya asubuhi, wanajua sufuria linavyonukia linapofunuliwa. Mpe Grumio sufuria halisi lililofunikwa, afunue kila mara anapotaja chakula na kulifunika tena, na hutahitaji meza wala watumishi sita.

Katika onyesho hilo hilo Katherina anasema kwamba yeye hakuwahi kujua kuomba, wala hakuwahi kuhitaji kuomba, na sasa ana njaa na kizunguzungu cha kukosa usingizi. Na kinachomuuma kuliko dhiki hizo zote ni kwamba mumewe anamfanyia hayo kwa jina la mapenzi kamili. Mama aliyeyasikia maneno hayo muda mfupi kabla ya hotuba hataweza kupiga vigelegele kwa wepesi ule ule. Huenda bado atapiga, na hiyo ni haki yake, lakini atakuwa amepiga akijua.

Kuna jambo la lugha ambalo nadhani limewaponyoka. Katika Kiswahili adabu ni jambo jema, na anayemtia mwenzake adabu huchukuliwa kuwa ni mkubwa mwenye haki, huku anayetiwa adabu akiwa amekwisha kuhesabiwa kuwa mkosaji. Kwa jina mlilochagua, mmemhukumu Katherina kwenye bango kabla pazia halijafunguliwa. Neno alilotumia Shakespeare ni la mnyama wa porini anayezoeshwa mkono wa binadamu. Kiswahili kina neno lake, nalo ni kufuga. Andikeni "Kumfuga Katherina", kisha lirudieni neno hilo pale Petruchio anapomtaja kipanga, ili sikio la mtazamaji liunganishe.

Na hotuba yenyewe ikiingia katika Kiswahili inaangukia mahali ambapo Waingereza hawakuwa napo. Mume ni bwana wako, kichwa chako, mwenye kukutunza, anayetaabika baharini na nchi kavu nawe umelala nyumbani salama: kwetu huu ni mwendo wa maneno ya somo anapomfunda mwari, na siku hizi husikika kwenye kicheni pati. Ndiyo maana akina mama waliitika. Hawakuitika kwa kukosa akili wala kwa kukosa elimu, waliitika kwa sababu walitambua sauti waliyoizoea. Mimi nami nilifundwa, na somo wangu ninamkumbuka kwa heshima kubwa. Lakini somo wangu alinilisha kabla ya kunifunda, akaniweka kwenye mkeka, akaniacha nilale. Hakuninyima chakula ili nikubali. Tofauti hiyo watazamaji wako wangeiona wenyewe, bila mtu kuwahubiria, kama mngewaonyesha sufuria lililofunikwa.

Utasikia wanaosema kwamba Petruchio ni mpole kwa vile hampigi mkewe. Ni kweli kwamba hampigi. Ni Katherina ndiye anayempiga siku ya posa, naye Petruchio anamwonya tu. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 imekwisha kusema kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Petruchio angepita katika kifungu hicho bila doa, na hilo ndilo linalofaa kujadiliwa na wanafunzi baada ya onyesho: nini kinaitwa kutesa, na kwa nini njaa haionekani mwilini kama kovu. Yule mzee aliyesimama mwalike tena, mpe kiti cha mbele, na baada ya onyesho muulize aliona nini kwenye sehemu ya sufuria. Nashauri hivyo kwa nia njema kabisa, kwa maana mtazamaji anayesema waziwazi ni wa thamani kuliko anayeondoka kimya.

Muda utaupata wapi? Punguza hila za wachumba wa Bianca, mdogo wake Katherina, zile za kujigeuza walimu, kubadilishana majina na kumleta baba wa bandia. Ni ndefu, na kwa watoto wa shule zinachosha. Utangulizi wa mlevi, Christopher Sly, urudishe hata kwa dakika nne. Humo bwana mmoja tajiri anamdanganya Sly kwamba yeye ni mheshimiwa, na kijana wa kiume anavishwa mavazi ya kike na kufundishwa namna ya kunyenyekea kama mke. Watazamaji wanaona tangu mwanzo kwamba unyenyekevu unaweza kuwa vazi tu, na kwamba mchezo wote wa Petruchio unachezwa mbele ya mlevi aliyedanganywa. Kumbuka pia kwamba katika enzi hiyo hakukuwa na mwanamke kwenye majukwaa ya London. Katherina mwenyewe aliigizwa na kijana wa kiume. Baadhi ya wasanii wa leo wameligeuza hilo kwa namna yao. Mwaka 2019 Royal Shakespeare Company, kundi la maigizo la Uingereza, chini ya mwongozaji Justin Audibert, waliuonyesha mchezo huu wakiwa wamebadili jinsia, wanawake wakiwa ndio wenye mali na kauli, na Katherine akiwa mwanamume. Sikushauri uufuate mtindo huo kwenye mashindano. Kwetu mwanamume anayemtii mkewe jukwaani huchekesha papo hapo, na kicheko hicho kitaimeza hotuba.

Sasa binti. Usimlazimishe, na usimpokonye nafasi yake haraka. Kaa naye, muulize ni mstari gani unaomwumiza. Nadhani ni ule wa mwisho, pale Katherina anapowaambia wake wenzake waweke mikono yao chini ya miguu ya waume zao, na kwamba mkono wake uko tayari mume akipenda. Soma kwa makini: anasema uko tayari. Maandishi hayasemi kwamba aliuweka, wala hayasemi kwamba Petruchio aliukanyaga. Hapo mwigizaji amepewa nafasi pana. Niliwahi kukaa kwenye mazoezi ya kikundi cha vijana Dar es Salaam, msichana akapiga magoti, akauweka mkono kwenye sakafu ya saruji, vidole vimetanuliwa, akanyamaza. Kijana aliyecheza Petruchio alikuwa amefundishwa kucheka na kumwinua. Alishindwa. Alirudisha mguu nyuma, akautazama ule mkono, kisha akatutazama sisi tuliokaa kwenye mabenchi, na wale waliokuwa wakicheka tangu mwanzo wa mazoezi hawakucheka tena. Hakuna neno la Shakespeare lililokatwa siku ile.

Na ukifika mwisho, usiwaache waigizaji wakimbilie ngoma ya kufunga. Mstari wa mwisho wa mchezo anapewa Lucentio, mume wa Bianca, naye anasema ni ajabu kwamba mwanamke huyu amefugika hivyo. Mtu anayestaajabu bado ana shaka. Taa zizimwe akiwa bado amesimama na mshangao wake.

SWALI: Assalaam aleikum. Nimesoma katika magazeti kwamba huko Ulaya na Marekani watu wanalalamikia michezo ya karne zilizopita kwa jinsi inavyowaweka wanawake. Mimi naona ni dhuluma kuwahukumu wazee wa zamani kwa macho yetu. Wao waliishi kwa mila zao, na watazamaji wao waliridhika. Kwa nini tusiwaache? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nusu ya hoja yako naikubali. Mtu asiyejua sheria na desturi za wakati ule atawaelewa vibaya wahusika, nitakupa mfano punde. Nusu ya pili, kwamba watazamaji wa zamani waliridhika, siyo kweli.

Mchezo wa Katherina uliandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1590. Takriban mwaka 1611, Shakespeare akiwa hai, mtunzi mwenzake John Fletcher, ambaye baadaye waliandika pamoja, alitoa mchezo wa kuujibu. Ndani yake Katherina amekwisha kufa, Petruchio anaoa mke wa pili aitwaye Maria, na usiku wa harusi Maria anajifungia ndani pamoja na wanawake wenzake hadi mume akubali masharti. Mfugaji anafugwa. Mwezi wa Novemba 1633 michezo yote miwili ilionyeshwa mbele ya Mfalme Charles wa Kwanza ikifuatana kwa siku chache, na msimamizi wa michezo ya ikulu aliandika katika kumbukumbu zake kwamba ule wa Shakespeare ulipendwa, na ule wa Fletcher ulipendwa sana. Zaidi ya karne mbili baadaye, mwaka 1897, mtunzi wa michezo George Bernard Shaw aliandika kwamba onyesho la mwisho la mchezo wa Shakespeare linachukiza kabisa kwa hisia za watu wa kisasa. Watu wa kisasa aliowataja ni mababu wa mababu wa Waingereza wa leo. Malalamiko haya yana umri unaokaribia ule wa mchezo wenyewe.

Mfano nilioahidi ni wa Henrik Ibsen wa Norway, katika mchezo wake Et dukkehjem, yaani nyumba ya mwanasesere, ulioonyeshwa mara ya kwanza Copenhagen tarehe 21 Desemba 1879. Nora amekopa fedha kwa siri ili ampeleke mumewe Italia akatibiwe, na ameghushi saini ya baba yake ili mkopo upite. Kijana wa leo huuliza mara moja kwa nini hakukopa kwa jina lake. Jibu limo humo humo kwenye mchezo: mke hakuweza kukopa bila idhini ya mume. Sheria ya kuwapa wanawake walioolewa wa Norway uwezo wa kusimamia mambo yao ilipita mwaka 1888, miaka tisa baadaye. Hapa ndipo unapokuwa na haki, kwamba tusimhukumu Nora kwa sheria zetu. Lakini tazama jinsi mtazamaji wa Afrika Mashariki anavyoweza kumwelewa kuliko hata Mnorwe wa leo. Huku Tanzania tuna mikopo inayoitwa kausha damu, na wako akina mama wanaorejesha kila siku au kila wiki bila mume kujua, wakibana fedha ya mboga, wakifanya vibarua vya pembeni. Nora naye hubana fedha za nguo na hunakili maandishi usiku, amejifungia, akimwambia mumewe kwamba anatengeneza mapambo ya Krismasi. Mwanamke wa Kariakoo au wa Kongowea hahitaji kuelezwa hofu ya barua ya mkopeshaji, inayofichua siri yote, iliyoko ndani ya sanduku la posta ambalo ufunguo wake anao mume.

Mwishoni Nora anaiacha nyumba, mume na watoto watatu, na mlango unasikika ukifungwa. Kila mara mchezo huu unapozungumzwa kwetu, mtu huuliza: na watoto je? Ni swali zito, na sipendi linapobezwa kuwa ni la watu walioachwa nyuma. Lilimsumbua pia mwigizaji maarufu wa Ujerumani, Hedwig Niemann-Raabe, aliyekataa mwaka 1880 kuuigiza mwisho huo kwa kuwa yeye, alisema, asingewaacha watoto wake kamwe. Ibsen, akihofia kwamba mtu mwingine angeuharibu mchezo wake, aliandika mwenyewe mwisho mwingine ambamo Nora anaongozwa hadi chumba cha watoto waliolala, anaishiwa nguvu mlangoni, anabaki. Yeye mwenyewe aliuita ukatili dhidi ya mchezo wake. Mwisho huo haukudumu, na mwigizaji yule yule baadaye aliurudia ule wa asili.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ninapowaomba walimu na waongozaji wasikate, sisemi hivyo kwa kuwatetea wa kisasa dhidi ya wazee. Ukikata ili kumridhisha anayekereka na utii wa Katherina, au ukakata ili kumridhisha anayekereka na kuondoka kwa Nora, umewanyima wote wawili kitu cha kubishania.

SWALI: Shikamoo mama. Niko kidato cha sita. Darasani tulisoma Nguzo Mama, na wavulana walicheka sana wanawake walipogombana. Rafiki yangu anasema mchezo huo umepitwa na wakati kwa sababu unawalaumu wanawake wenyewe. Ni kweli? — Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako ameuliza jambo la haki, na asiache kuliuliza.

Penina Muhando aliuchapisha mchezo huo mwaka 1982. Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo, na hawafaulu. Ni kweli wanagombana, wanasengenyana, wanaachana njiani. Ukiusoma kwa haraka utadhani mwandishi anasema kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke mwenzake, msemo ambao mimi siupendi kwa sababu huwapa wengine wote nafasi ya kukaa kando na kutazama. Usome tena ukiwa na kalamu. Kila mwanamke anapoiacha nguzo, andika pembeni alikoitwa na aliyemwita. Utaona kwamba kazi haikwami kwa sababu ya midomo peke yake, kuna nyumba nyuma ya kila mmoja wao, na katika nyumba hizo kuna mume, kuna watoto, kuna uhitaji wa fedha, kuna ndugu wenye madai. Mwandishi hakuwafanya kuwa malaika, nami namshukuru. Mwanamke wa jukwaani asiye na kosa lolote hufurahisha kwenye sherehe za Machi nane, lakini siku inayofuata hakuna anayemkumbuka.

Unachokiona darasani, yaani kicheko cha wavulana na ukimya wa wasichana, walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yeye mwandishi akiwa mmoja wao, walikifanyia kazi kwa njia nyingine. Mwaka 1996 ulianza mpango wa Tuseme katika shule za sekondari, ambapo wasichana wenyewe hutunga na kuigiza yanayowazuia kusoma, kisha wakayazungumza mbele ya walimu na wanafunzi wenzao. Kama shule yenu ina klabu hiyo, peleka swali la rafiki yako huko.

Kama haina, mwombe mwalimu wenu kipindi kimoja. Wavulana wasome sehemu za akina Bi wote wa Patata, wasichana wawe watazamaji. Mnapofika pale walipocheka, simamisheni. Yule aliyecheka zaidi apewe ndoo ya maji ashike mkononi, na asome tena maneno yale yale, polepole, mpaka mwisho wa ukurasa, bila kuiweka chini.